Gogo Lisilo na Tiketi

Jua letu la Desemba lina haraka ya mdeni:
saa tatu asubuhi linachungulia,
saa tisa na nusu limeshaaga.
Mimi Mirdza, mkagua tiketi,
mwaka wa ishirini na sita kwenye reli ya Valga kwenda Riga,
sikukuu ya nchi nzima naitazama
kupitia kioo chenye ukungu.

Valmiera wakapanda wenye vinyago:
dubu, koti la manyoya kaligeuza ndani nje,
korongo, mdomo wake miiko miwili ya ugali wa shayiri,
na Kifo, shuka jeupe, mundu wa karatasi ya kung'aa,
kikadai nauli ya mwanafunzi.
Kitambulisho, nikasema.
Kifo kikapekua chini ya shuka, kikatoa.
Kina miaka kumi na tisa, kinasomea udaktari wa meno.

Cēsis, harufu ya biskuti za tangawizi
ikaingia behewani kabla ya watu.
Wawili wakabishana hadi kituo cha pili:
mti wa kwanza wa Krismasi ulipambwa Riga
au ni Tallinn, kwa majirani?
Nikawatobolea tiketi. Mti hauna habari nao.

Līgatne, theluji magotini,
mwanamume kofia imemshuka hadi kwenye nyusi
anakokota gogo la mwaloni kwa kamba ya katani.
Hili nini?
Gogo.
Naona ni gogo. Lina tiketi?

Akavua kofia. Anaitwa Tālivaldis.
Binti yake, Gundega, anakaa ghorofa ya saba,
hana ua, hana kizingiti cha kuzungukia.
Na wewe unajua, akasema, bila kukokotwa
gogo ni kuni tu.

Najua. Nani asiyejua?
Usiku mrefu kuliko yote unalivuta mlango kwa mlango,
kila nyumba inalitwika uchungu wake wa mwaka,
kisha unalichoma, na majivu hayadai mtu.
Lakini kanuni nazo nazijua,
na mzigo mrefu kuliko mita moja na nusu hulipiwa.

Kabla sijatoa kitabu cha risiti
Kifo kimeshika kamba.
Dubu akasukuma kwa nyuma.
Gogo likaanza safari behewa kwa behewa,
likikwaruza sakafu niliyoapa kuilinda.

Mama wa kapu la mayai akaligusa kwa kidole,
akalitwika bili ya kupasha nyumba joto.
Mtoto, meno mawili hana, akalitwika hesabu.
Mwanajeshi wa likizo hakusema kitu,
aliweka kiganja, hakukiondoa
hadi misonobari ikaisha dirishani.

Likanifikia.
Raitis wangu yuko Ayalandi, anachuma uyoga
kwenye mabanda ambako hakuna mchana wala usiku.
Krismasi ya nne hii ananiambia "mwakani".
Nikainama, nikalipa.
Nauli sikulipa, bado nauli mfukoni.
Nililipa gogo neno hilohilo moja: mwakani.
Likapita. Halikuonekana kuelemewa.

Riga wakalishusha watu sita, Kifo kikiamrisha.
Tālivaldis akageuka, akanipa mkono wenye utomvu.
Kwenye taarifa ya zamu nikaandika:
mzigo mmoja. Uzito: haukupimwa.

Nyumbani, njegere za kijivu na vipande vya nyama ya nguruwe,
sahani moja, mshumaa mmoja, redio.
Kila punje utakayoibakiza, mama alituambia,
ni chozi unalojiwekea akiba.
Nilizila zote, na shibe ilishanifika shingoni.
Ya mwisho ikaniponyoka kijikoni,
ikaviringika chini ya friji.

Nikapiga magoti, sare bado mwilini,
nikawasha tochi ya kazini.