Nusu Ukurasa

Paroko kaniomba nusu ukurasa,
historia ya kengele za Chinyami,
iingie kwenye kijitabu cha jubilei
kati ya salamu za askofu na tangazo la duka la saruji.
Nusu tu, Fidelis, usizidishe.
Nami nimekaa chini ya mnara na kalamu,
mikono hii imezoea kamba.

Nianze na Ndama, maana ndiye mkubwa kwa umri.
Ni kipande cha reli, urefu wa mkono,
tundu moja, mnyororo wa baiskeli.
Daftari la kwanza linasema: zawadi.
Lakini Kastuli Ndahani alibeba mataruma kule Kikombo
miezi mitatu bila kuona hata pesa mbili,
na usiku alioondoka, aliondoka na mshahara wake
begani, ukimchubua, mpaka kukakucha.
Alipoulizwa alisema: chuma kimenifuata.
Sauti yake kavu,
kama ya mtu anayekukumbusha deni.

Dume alikuja kwa treni, ndani ya kreti la majani makavu,
maandishi ya Kijerumani mdomoni.
Maksai wanane, gogo la panda, siku mbili njiani
kwa kuwa kila kitongoji kilitaka kumpiga kofi kwanza.
Kisha vita. Askari wakahesabu mbuzi,
wakahesabu uwele ghalani,
wakaanza kuhesabu chuma.
Watu watatu wakamfukia usiku zizini kwa Mulewa,
samadi juu, ng'ombe juu ya samadi.
Kisha ng'ombe wakachukuliwa.
Kisha Mtunya.

Mtunya hauenei kwenye nusu ukurasa.

Wawili kati ya wale watatu walikwenda kutafuta nafaka
upande wa Kilosa. Hata vibuyu vyao havikurudi.

Mapadre wapya wakaulizia kengele.
Wakawauliza wanaume, wakawauliza majumbe,
wakachimba sakristia, wakachimba na kaburi moja, Mungu awasamehe.
Miaka kumi na minne.
Kifuku kimoja fahali akazama mguu zizini,
ukwato ukagota,
ardhi ikajibu.
Kijiji kizima kikakimbia na majembe.
Bibi yangu, Leokadia Nyendo, alikuwa anapepeta.
Hakuinua macho.
"Mimi ndiye niliyeshika taa," alisema.
"Hakuna aliyeniuliza."

Mtamba ndiye anayekohoa.
Alitokana na vikuku vya shaba, vya mikono na vya miguu,
na birika moja lililotoboka,
akasubiwa Dodoma mjini, nyuma ya soko,
na fundi ambaye hajawahi kusubu kitu kikubwa kuliko kinu.
Vikuku vya miguu havivuki kifundo kirahisi:
wengine walipaka samli, wengine walikatiwa kwa tupa,
na alama zilibaki mpaka wanazikwa.
Alitoka na sauti nyembamba, ya msichana mwenye haya.
Mwaka wa Operesheni, tulipohamishiwa kando ya barabara,
lori liliruka korongo, akapata ufa.
Mtaalamu akashauri ayeyushwe upya.
Akina mama wakamtazama mtaalamu.
Suala likaisha.

Sasa paroko amenunua spika.
Ana kengele ndani ya simu yake,
nzuri kweli, ya mji gani sijui, haina ufa.
Aliipiga Jumatano. Mama Benigna
alifika misa ikiwa imekwisha, akasema
alidhani ni watu wa chanjo ya kuku.

Ukurasa umejaa pande zote mbili, na sijataja kamba.
Ya Dume ni ngozi iliyosokotwa.
Mwaka juzi fisi aliila ncha ya chini,
na tangu hapo, ili niifikie,
napanda juu ya lile kreti la Kijerumani.
Mbao zake bado nzima.