Ukakasi

Nyumba ya kwanza walitupa ndoo ya kutemea
na karatasi yenye vinyota vya kujaza kwa penseli.
Matija, kijana wa pale, shati jeupe, viatu visivyojua tope,
alitupitisha kati ya matangi ya chuma
yanayong'aa kama vyombo vya chumba cha upasuaji.
"Ndimu," akasema. "Tufaha bichi. Jiwe lililolowa."
Nikaandika: jiwe lililolowa.
Sijawahi kulamba jiwe maishani mwangu.
Nikalipa nyota nne.

Huku Oslavia vibao vya barabara hutaja kila jina mara mbili,
Kitaliano, kisha Kislovenia,
kama mtu anayeitwa na mama, halafu na baba,
na hajui amwitikie nani kwanza.

Nyumba ya pili Vida alitufungulia mlango kwa kiwiko,
viganja vyake vyeusi kwa maji ya zabibu.
Tulikuja wiki ya mavuno, wageni tusio na haya.
Mbwa wake alikuwa amekula makapi, amelewa,
anaubwekea ukuta.
"Onjeni upesi, zabibu hazinisubiri."
Tukaonja wima, katikati ya kreti na nyigu.
Mvinyo ulinuka zizi,
kisha, nyuma kabisa ya ulimi, ua.
Ua gani? Nilipogeuka kumuuliza
alikwisha rudi kazini, namwona mgongo tu.

Kwa Jelko hakuna karatasi.
Ana sikio moja linalosikia; jingine alimpa trekta.
Mkewe Assunta ndiye humimina, ndiye huzungumza,
ndiye hukata jibini kwa kisu cha kupogolea.
Mlangoni kuna ndoo, nayo imejaa kutu:
vipande vya mizinga, vishikizo vya makoti, kijiko kimoja,
vyote vimefukuliwa na jembe kati ya mistari ya mizabibu.
"Kila mwaka kilima hutapika kidogo," akasema Assunta.
"Tulidhani kitamaliza."

Mvinyo wao ni mweupe kwa jina tu.
Zabibu hulala na maganda yake miezi minne,
na kinachotoka ni chai ya rangi
iliyosahauliwa jikoni tangu alfajiri.
Nikanywa. Fizi zikakaza, mashavu yakaingia ndani,
ulimi ukakunjamana kama gazeti lililolowa likakauka.
Wenzangu wakaanza kutafuta maneno:
mmoja akasema ngozi ya tandiko, mmoja akasema kamba ya meli.
Mimi sikutafuta. Nilikuwa na miaka saba,
nimeuma bibo la mkorosho kabla halijaiva,
na shangazi ananicheka.
"Ukakasi," nikasema.

Jelko akanigeuzia sikio lake zima.
"U-ka-ka-si." Akalirudia kama anayepiga msasa ubao.
Assunta akauliza: ni sifa au ni tusi?
Nikamwambia, kwetu hata maneno huwa na ukakasi,
yale ya kweli yanayokwama yakipita.

Akanyamaza. Akafuta kisu kwenye aproni.
"Babu wa baba yake," akasema, akimwonyesha Jelko kwa kidevu,
"alirudi kutoka vitani akakuta kilima hakina mti,
hakina nyumba, hakina hata ndege.
Wa kwangu alikuja na treni kutoka kusini.
Alikuwa mpiga mizinga."
Akakata kipande kingine cha jibini.
Jelko akakichukua, akala.

Nilikuwa bado na funda kinywani.
Kwa mazoea ya siku nzima nikatazama huku na huku
pa kutemea.
Ndoo ilikuwa moja tu.

Nikameza.

Chupa mbili, euro thelathini na nane, hapokei kadi.
Garini nikaitafuta ile karatasi ya Matija
nione kama kuna mahali pa kuandika hili.
Vinyota vitano, vyote vitupu, na chini yake
mstari mmoja mfupi: maoni mengine.