Ringi ya Lori

Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori la korosho,
imening'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ya ofisi.
Miaka tisa nimeigonga kwa nondo:
mara tatu mstarini, mara mbili uji,
moja ndefu, nendeni nyumbani.

Usiku ule hakuigonga mimi.
Sijui hadi leo mkono ulikuwa wa nani
uliogonga bila hesabu
mpaka bonde lote la Ruvuma likaamka,
wengine wakakimbilia porini,
wengine wakapanda hadi Newala na hawajashuka,
na wengine hawakuamka.

Shule ilipofunguliwa
nikashika nondo yangu saa moja na nusu, kama desturi,
nikagonga mara tatu.
Darasa la sita lote likatokea dirishani.
Somoe binti Chipoka tulimkuta kwenye mihogo ya Nalinga,
maili nzima kutoka shuleni,
daftari mkononi, kalamu haina kifuniko.

Niliishusha ringi mwenyewe.
Nikaifunika gunia, stoo, nyuma ya masufuria.

Wakaja wageni kutoka Mtwara mjini, watu wema, wana fomu.
Wakamuuliza Mshamu: Uliona nini?
Mshamu akaangalia ukucha wa kidole gumba.
Uliona nini, kijana, jisikie huru.
Nikaingia na uji kabla haujaiva.
Kuna swali ambalo ni kubandua kigaga
ili kujua kama kidonda kimepona.

Mimi nina maswali madogo.
Unarudi na nani?
Nani anapita njia ya kisimani?
Kwenu mlango una komeo?
Fundi Likwata alichonga makomeo kumi na manne,
hakudai hata ya misumari,
yule yule aliyenipunja dirisha mwaka juzi.
Nikaandika kwenye daftari la stoo,
ukurasa unaofuata kilo za maharage:
Asumini na wadogo zake, waongozane na kina Namkoko.
Mshamu, analala na viatu.

Analala na viatu. Bibi yake ndiye kaniambia,
kwa sauti ya mtu anayekiri deni.
Nikamwambia, mwache alale navyo.
Ila kila usiku mwambie taa utaizima saa ngapi,
giza lisimvamie.

Mwezi wa kumi mabibo yakaanza kudondoka juu ya bati.
Du.
Kimya.
Du.
Mwalimu Hamdani akaweka chaki chini, akasema:
Hilo ni bibo. Twendeni tukalione.
Wakatoka wote arobaini na mmoja, wakaliona,
jekundu, limepasuka,
korosho yake imekaa pembeni kama sikio.
Du lingine, wakatoka tena.
Siku hiyo hesabu za sehemu hazikusomwa
na hakuna mkaguzi aliyeuliza.
Siku ya nne walitoka watatu tu,
na mmoja wao, nadhani, alifuata kula bibo.

Jana Somoe kaja stoo, kasimama mlangoni.
Mama Uji, naomba ringi.
Ya nini?
Niione.
Tukavuta gunia. Akachukua mwiko wangu,
akaigusa taratibu, kama anayegusa jino bovu.
Akangoja.
Na mimi nikangoja, moyo ukinienda mbio, mtu mzima mimi.
Akaigusa tena, kwa nguvu kidogo.
Ina kutu, akasema.

Hatukuitundika. Bado napuliza filimbi ya mpira.
Ila gunia tumeliacha chini.

Na Mshamu? Viatu bado anavyo.
Bibi yake anasema tu kwamba juzi
kamba alikuwa hajazifunga.