Niliuawa Mara Tisa

Hadithi yenyewe msiniulize.
Chaula aliiandika nyuma ya risiti za mbao,
mvua ya Machi ikalowesha ukurasa wa pili,
ule uliosema mzee aliuawa kwa nini.
Tukaanzia wa tatu.

Kamera ilikuwa ya harusi, ya kukodi,
siku nne, na betri moja inayochoka kabla yetu.
Mafinga, kiwandani kwa Mgaya,
Jumapili misumeno imelala
na harufu ya msonobari imekaba koo.
Magodoro hatukuwa nayo. Tulikuwa na maranda,
rundo la kimo cha nyumba,
na atakayekosa rundo, basi, Mungu yupo.

Tulikuwa saba. Maadui walitakiwa thelathini.
Kwa hiyo niliuawa mara tisa:
kwanza kwa shati jekundu,
kisha kwa shati lilelile nimeligeuza ndani nje,
kisha na kofia ya sufu ya bibi,
mara ya nne kisogo tu,
zilizobaki sikumbuki, nilikuwa nazirai kidogokidogo.
Hata mzee, marehemu wetu wa dakika ya kwanza,
alikataa kwenda nyumbani.
Suti hii, alisema, haikushonwa ivaliwe mara moja.
Ukitazama vizuri utamwona nyuma ya lori,
maiti mzima anamenya kiazi.

Lakini Twilumba.

Twilumba wa Kihwele, mpakiaji,
ubao wa futi kumi na mbili begani kama kanga.
Utotoni, Makambako, hakuwa na kiingilio;
alichungulia kwenye tundu la msumari
ukutani mwa banda la video,
jenereta likinguruma sikioni pake.
Neno moja hakulisikia miaka yote ile.
Nani kamdhulumu nani, nani mwana wa nani,
hakujua, wala hakuuliza.
Aliyaona magoti. Aliona kisigino kinavyozunguka
kabla bega halijapata habari.
Akaenda nyuma ya choo cha shule, akafanya hivyo hivyo,
miaka saba.

Siku ya nne ukungu ulishuka.
Chaula hakujua kukata picha, akaiacha izunguke.
Dakika kumi na moja, hakuna kamba, hakuna hila:
mguu unatoka kwenye weupe,
mtu anaingia kwenye weupe,
mbao zinalia kha! kha!
na yeye anapanda rundo kama anapanda ngazi za kwao,
anageuka hewani,
taratibu,
nami chini namtazama, zamu yangu ya kufa imefika,
nimesahau kufa.
Hapo ndipo liliporuka jino.
Kile kitu cheupe, dakika ya thelathini na tatu,
watu hudhani ni randa.
Ni mimi.

Tulionyesha Makambako, banda lilelile.
Walicheka mpaka benchi likavunjika.
Huyu si alikufa? Wa sita huyo! Wa saba!
Mama mmoja alimpigia kelele mzee wa suti
amwachie na mwenzake kiazi.
Ulipoingia ukungu wakanyamaza.
Jenereta peke yake ndilo lililozungumza,
na kijana mmoja mbele yangu
alishika hindi lake la kuchoma karibu na mdomo
mpaka likapoa.
Twilumba alikuwa nje.
Nilimkuta ukutani, jicho kwenye tundu.
Nikamwambia, ingia, filamu ni yako.
Akasema, huku ndiko ninakoona.

Sasa ana duka la mabati Njombe
na hapendi kuulizwa.
Mimi goti langu hutabiri baridi ya Juni
kuliko redio.
Juzi mwanangu kaikuta diski, imechubuka,
inakwama, inaruka, kama sisi.
Akatazama, akakunja uso:
Baba, kwani yule mzee walimuulia nini?

Nikachukua rimoti.
Nikasogeza mbele, mpaka ukunguni.