Mkono Ambao Hakunionyesha

Jumamosi tena, mnada wa Msalato,
upepo unamwaga mchanga kwenye supu za watu,
na Chilewa anakuja na ala yangu mkononi
kama mtu aliyebeba kuku aliyemfia njiani.
Kikanda kimekatika. Mara ya tatu.
Mara ya tatu tangu alizeti zipandwe,
na hazijavunwa bado.

Sikumjibu salamu.
Niliigeuza ala kwenye jua.
Ngozi ya mgongo, nimeiloweka mwenyewe siku nne,
nikaikanda kwa mafuta mpaka viganja vikawaka;
uzi wa katani, nimeupitisha kwenye nta mara mbili;
kifungo cha shaba nilichokibandua kwenye begi kuukuu
bado kinalia ta! kikibana.
Kila kitu kizima
isipokuwa kile kidole kimoja cha ngozi
kinachoushika mpini usiruke
mtu anapokimbiza ndama.

Nikamwambia, maana mdomo wangu hauna ala:
Kisu hakichomolewi kama mtu anayeng'oa muhogo.
Fungua kifungo kwanza.
Gumba likisukume kikanda nyuma, kilale,
ndipo uvute, mgongo wa kisu ukiegemea ngozi,
makali yakitazama uwazi.
Ukirudisha, tazama. Usipige soga na mteja huku unarudisha.
Na ufute damu. Damu ina chumvi,
chumvi huikausha ngozi,
na ngozi kavu haisubiri makali,
hupasuka kwa kusikia tu jina la kisu.

"Nafanya hivyo hivyo, mama Nyemo."
Mwongo, nikasema.
Wauza mitumba wakageuka kutusikiliza.

Basi nionyeshe.
Akaivaa ala pale pale mbele ya meza yangu,
akachomoa kwa mkono wa kulia, polepole, vizuri,
kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu.
Kisiki cha kikanda hakikuguswa.
Nilikuwa nafungua kinywa nicheke
ndipo sauti ikatoka kwenye moshi wa majiko,
"Chilewa! Mbavu!"
na mkono mwingine, ule ambao hakunionyesha,
ukavuka tumbo, ukashika mpini, ukavuta.
Makali yakapita juu ya kisiki
kama ulimi unaokagua jino bovu.

Shoto, nikasema.

Akautazama mkono kana kwamba umemsaliti.
Akanieleza, macho yakiwa kwenye viatu,
kwamba kule Mvumi bibi yake aliufunga mkono huo
kwa utepe wa ngozi ya mbuzi,
wakati wa kula, wakati wa kusalimia wageni,
mpaka alipofika darasa la tatu.
"Nikiukata, anafunga mwingine."
Kisha: "Wateja wakiwa wachache nautumia wa kulia.
Wakizidi, nasahau."

Nikavuta kigoda. Nikafumua mshono wote.
Miaka kumi na tisa nashona ala,
na kila ala niliyoshona
imekuwa ikiuamulia mkono wa mtu, nami sijui.

Hii nimeigeuza.
Mzizi wa kikanda upande wa mgongo wa kisu, chini kidogo,
mbali na njia ya makali.
Kifungo kwa nje, gumba la kushoto linapofika bila kupapasa.
Mdomoni mwa ala nimeshonea kipande cha ngozi ngumu,
ili makali, siku yakikosea, yaume hicho kwanza.
Nimemtoza uzi tu. Ubishi wangu nimeulipia mwenyewe.

Aliivaa, akachomoa mara moja, kwa shoto, mbele za watu,
akakimbilia mbavu zake zilizokuwa zinaungua.

Siku hizi kabla sijapima kiuno cha mtu
namrushia kipande cha nta ghafla, bila neno,
naangalia anadaka kwa mkono upi.
Wengine hukasirika.
Jana mchungaji mmoja wa Bahi alidaka kwa mdomo.
Huyo bado namfikiria.