Kabla ya Jembe

Mwachiro aliniambia: jembe liweke chini kwanza.
Mtaro hauchimbwi kwa jua. Ngoja inyeshe, uyatazame.

Basi nimo chini ya paa la ofisi, suruali magotini,
kopo la majivu kwapani,
Mei, saa moja na nusu asubuhi.
Uwanja wa shule, hapa Mikindani, mtupu
ila goli moja lisilo na wavu
na mstari wa chokaa alioupiga mwalimu mkuu jana, kwa kamba, umenyooka:
mtaro upite hapa, langoni, wageni wauone.

Matone ya mwanzo hayaendi kokote.
Kila moja lachimba kishimo chake, lanyamaza.
Udongo una kiu ya kaskazi nzima,
wanywa bila kupumua.

Kisha washiba.
Hapo ndipo maji yanapoanza kuwa na nia.

Namwaga majivu chini ya tangi.
Yasita. Yazunguka jiwe kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Kisha yaingia kwenye kile kijia
ambacho watoto hukikata wakisikia kengele,
kijia kisichomo katika ramani yoyote:
miaka na miaka ya kuchelewa, visigino vidogo
vimeilegeza ardhi inchi kwa inchi,
na maji hayana makuu, hupita palipotangulia mguu.

Chokaa nayo? Imeshakuwa uji.
Mvua imeilamba bila hata kuisoma.

Penye tumbawe, nyuma ya darasa la nne,
maji yafyonzwa kwa sauti, kama mtu anywaye kahawa ya moto.
Penye udongo mwekundu yakataa kuzama,
yajitandaza, yangoja wenzake,
kisha yote kwa pamoja
kuelekea ua wa Bi Mkamburi.

Nayafuata. Nahesabu moyoni.
Toka tangini hadi kizingitini pake:
muda wa kumenya kitunguu kimoja.

Miaka mitatu amekuja na malalamiko yake,
kila masika, leso imelowa hadi kiunoni,
nasi tukimwambia: mama, mvua ni ya Mungu.

Mvua, ndiyo. Mteremko ni wetu.

Yuko pale, ameinama, ayasukuma maji kwa ufagio,
karai la viazi limepandishwa juu ya kiti,
na majivu yangu, ya jiko la shule,
yanaingia mlangoni mwake bila hodi.
Ameyaona.
Amenyanyua kichwa, akaufuata ule mkia wa kijivu
nyuma, nyuma,
hadi kwenye viatu vyangu.

Sikuwa na neno. Nilikuwa na vigingi.

Akatoka na mwiko, mvua ikimpiga mgongoni,
akauchomeka matopeni, mbali kabisa na ile chokaa.
"Anzia hapa," akasema,
akarudi ndani kuokoa unga.