Doa

Makoti kumi na manne yananing'inia chumba cha nyuma,
pale kilipokuwa kitanda cha binti aliyeolewa Hull.
Neville Scrimshaw hayavai.
Huyafungulia dirisha asubuhi, huyageuza mabega,
huyapaka mafuta kwa kipande cha fulana kuukuu
polepole, kama amsuguaye mgonjwa mgongo.

Wanasema mavi ya kale hayanuki.
Koti la kale linanuka, tena linanuka ukweli:
petroli, nondo, chumvi ya kwapa,
sigara za kijana ambaye hakufikisha ishirini na mbili.
La bandia hunuka duka.
Zipu huionja kwa ncha ya ulimi
(mkewe alimfumania mara moja, akafunga mlango taratibu),
na mishono huihesabu kwa kucha, macho kayafumba.

Machi hii ameendesha gari maili arobaini
katika tambarare ya Lincolnshire, bapa kama meza iliyopanguswa,
hadi shamba la Winifred Odling, miaka themanini na minane,
aliyepiga simu kusema kuna kitu msumarini
nyuma ya mlango wa zizi,
kama bado yuko mtu anayetaka vitu vya namna hiyo.

Ni lenyewe. Mkono unamtetemeka.
Ndani ya ukosi, kwa wino: Rudkin, P. Limekatwa mstari.
Chini yake: Aldous. Limekatwa mstari.
La tatu halikukatwa,
ila panya wamelila, limebaki "...ley",
na huyu ndiye pekee ambaye hatujui kama alirudi.
Kisha, kifuani, upande wa moyo,
doa jeusi, pana kama kiganja.

Neville keshaandika kadi kichwani:
usiku, mawingu, moto kwenye bawa.
Keshaiona bei ikipanda ngazi.

Bibi anacheka mpaka anashika nguzo.
"Hilo? Hilo la mwaka wa theluji kubwa.
Baba alilinunua mnadani vita vilipokwisha,
kwa shilingi chache na jogoo mmoja.
Jike alikwama, mapacha, wa kwanza katanguliza miguu.
Baba kalala kifudifudi kwenye majani hadi alfajiri.
Wa pili akatoka kimya. Hana pumzi.
Baba akamtia humo, akavuta zipu hadi shingoni,
akaja jikoni kunywa chai, hasemi na mtu.
Kikombe cha pili, koti likalia."

Kondo na kondoo:
lugha yangu imevitenga kwa herufi moja,
na koti hili limevibeba vyote viwili,
moja nje, moja ndani.

Bei inashuka ngazi ile ile. Neville anaisikia ikishuka,
na anaona aibu kwamba ana masikio ya kuisikia.
Anatoa pesa alizokuja nazo, zote.
Bibi anazihesabu mara mbili, anamrudishia noti moja:
"Ya petroli." Halafu:
"Utalivaa?"
Neville anasema barabara huenda ikaganda jioni,
afadhali aondoke.

Nyumbani, sabuni ya ngozi iko mezani, na brashi laini.
Hazigusi.
Kadi anaianza mara tatu.
Rudkin. Aldous. Fulani-ley. Odling, mkulima.
Anasita: mwenyewe wa kwanza hakuandika jina popote,
alikuwa akila nyasi kilimani, sufu yake mgongoni,
hakuna aliyemwuliza bei.

Usiku wa manane chumba cha nyuma hakina moto.
Mkewe anasikia zipu, sauti ndefu ya kupanda.
Anamkuta kasimama gizani katikati ya makoti kumi na manne,
la kumi na tano mwilini,
kiganja juu ya doa,
na mikono ya koti mifupi, inamwishia juu ya kifundo.
"Limekubana," anamwambia.
"Ndiyo," anasema Neville, halivui.